Futi Trilioni 485 Zimekwenda Wapi?



Kila yanapozuka mazungumzo ya mafuta ya Zanzibar, na huzuka khasa uchaguzi unapokaribia, hakosekani mtu wa kuja na tarakimu. Huja na mapipa kadhaa au futi za ujazo kadhaa, akazigawa kwa idadi ya Wazanzibari, na kila mtu akaambiwa fungu lake kwa dola. Sisemi haya kwa kumcheka mtu. Aprili 2009, Baraza la Wawakilishi lilipoamua kwamba mafuta na gesi asilia yatolewe kwenye orodha ya mambo ya Muungano, mimi nilikuwa mmoja wa walioshika kalamu. Tulikaa hapa Fordsburg, kahawa na tende mezani, tukapiga hesabu mpaka usiku wa manane, na tulipoagana kila mmoja alikuwa ameshatajirika. Kisima kipya hata kimoja kilikuwa hakijachimbwa.

Miaka miwili baadaye nchi hii tunayoishi nayo ikapata tarakimu yake. Ilikuwa kubwa kuliko yoyote tuliyowahi kuiota sisi, ilitoka Washington, na iliwagombanisha watu kwa miaka kumi na zaidi. Nimekifuatilia kisa hicho tangu mwanzo, kwanza kwa wivu, baadaye kwa makini, na nataka nikieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu naona sisi tunaipita njia ile ile wenzetu waliyokwisha kuipita. Mtanivumilia nikiingia kwenye mawe na matabaka. Siasa ya mafuta bila ya mawe ni porojo.

Mwaka 2011 Idara ya Takwimu za Nishati ya Marekani ilitoa ripoti juu ya gesi iliyomo ndani ya mwambatope duniani. Mwambatope ni tope la zamani lililogandamizwa mpaka likawa jiwe, na gesi yake haitoki mpaka jiwe lenyewe lipasuliwe kwa maji ya shinikizo kubwa yaliyochanganywa na mchanga na dawa. Marekani walikuwa wamefanikiwa kwao, na sasa wakawahesabia wengine. Afrika Kusini ikapewa futi za ujazo trilioni 485 zinazoweza kutolewa, zote katika bonde la Karoo, ikawa ya tano duniani. Ili mpate kipimo, gesi yote iliyogunduliwa Tanzania mpaka leo, Songosongo, Mnazi Bay na ile ya bahari kuu ya Lindi na Mtwara ikijumlishwa, ni kama trilioni 57. Na hiyo yetu imeguswa na patasi ya kuchimbia. Hiyo 485 ilikuwa hesabu ya mezani: ukubwa wa eneo, unene wa tabaka, kiasi cha mabaki ya viumbe ndani ya mwamba, kisha makisio ya kiasi gani kinaweza kutoka.

Kampuni tatu zilikuwa tayari zimeshaomba leseni: Shell, Falcon na Bundu. Shell peke yake iliomba eneo la kilomita za mraba kama 90,000, zaidi ya mara thelathini ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Mwaka 2012 ukatoka utafiti wa kiuchumi uliogharimiwa na Shell ukisema hata zikipatikana futi trilioni 50 tu, ajira zinaweza kufika 700,000. Mnaijua nchi hii. Katika nchi ya vijana wasio na kazi, tarakimu kama hiyo haijadiliwi, huimbwa. Waliouliza maswali waliitwa wakulima wa kizungu wenye mabavu yao ya zamani, wasiotaka Mwafrika apate ajira. Wengine kwa kweli walikuwa hivyo. Lakini swali lao la maji lilikuwa swali la haki, nami nitalirudia.

Sasa tuyaangalie mawe yenyewe.

Ukitoka Johannesburg kwa gari kwenda Cape Town kwa njia ya N1 ni kilomita 1,400, na sehemu kubwa ya safari hiyo unakwenda juu ya bonde moja tu. Jina "bonde" lisikudanganye, kwa macho ni uwanda mkavu, kondoo na vinu vya upepo vya kuvutia maji. Ukipita Beaufort West na kufika Laingsburg, mawe huanza kuinama. Mbele zaidi, kuelekea mto Hex, matabaka yamesimama wima, mengine yamejikunja kama mkeka uliosukumwa ukutani. Hiyo ndiyo milima ya mikunjo ya Cape: Swartberg, Langeberg, Cederberg na ndugu zake. Ilikunjwa miaka kama milioni 280 hadi 230 iliyopita, wakati Afrika, Amerika ya Kusini, Bara Hindi, Australia na Antaktika zilikuwa bara moja, Gondwana, na sakafu ya bahari ya kusini ilikuwa inajichomeka chini yake.

Wengi wa wataalamu wanaeleza hivi. Milima ilipoinuka, uzito wake uliikandamiza ardhi iliyo mbele yake, kama jahazi lililopakiwa shehena yote upande wa tezi. Upande ule ukazama, maji yakaingia, na kwa mamilioni ya miaka tope na mchanga vikajaa humo. Ndiyo Karoo. Mabonde ya namna hii, yaliyokaa miguuni pa milima ya mikunjo, ndiyo yaliyowatajirisha wengi duniani. Mafuta ya kwanza ya Mashariki ya Kati, Masjed Soleyman mwaka 1908, yalitoka katika mikunjo ya Zagros huko Iran. Kwa hiyo mtu kuitazama Karoo kwenye ramani na kusema "hapa pana kitu" hakuwa mjinga.

Na kitu kilikuwapo. Karibu na chini ya bonde liko tabaka la mwambatope mweusi linaloitwa Whitehill. Ni jeusi kwa ndani, lakini likipigwa na jua na mvua hugeuka jeupe, ndipo zamani wakaliita Mkanda Mweupe. Unene wake ni makumi ya mita tu, lakini limejaa mabaki ya viumbe vya bahari iliyokosa hewa. Ndani yake wanaokota mifupa ya mjusi mdogo wa majini, Mesosaurus, na mjusi huyo huyo wanamwokota Brazil, katika tabaka pacha linaloitwa Irati. Ni miongoni mwa ushahidi wa kwanza kwamba mabara haya yalikuwa kitu kimoja. Irati ya Brazil kwa miaka mingi ilichimbwa na kuchomwa ili kutoa mafuta. Basi mtu akiona ndugu wa Brazil anatoa mafuta, kwa nini asimtumainie ndugu wa Karoo?

Aliyewahi kumuona mama yake akipika mafuta ya nazi atalielewa jibu upesi kuliko mwenye shahada. Tui likitiwa motoni kwa kiasi, mafuta hupanda juu na shata hukaa chini. Moto ukiwa mdogo hupati kitu, unabaki na tui. Moto ukizidi, mafuta huungua, na chungu kikiwa na ufa, hata hicho kilichobaki huvuja jikoni. Mwambatope ni vivyo hivyo. Kwa nyuzi joto kama 60 hadi 120 hutoa mafuta, zaidi ya hapo hutoa gesi, na ukipitisha mno kinachobaki ni kaboni kavu, kama masizi. Karoo ya kusini ilipikwa mara mbili. Kwanza ilizikwa chini ya kilomita kadhaa za mchanga ulioporomoka kutoka milima ile ile. Kisha, miaka milioni 183 iliyopita, Gondwana ilipoanza kupasuka, mwamba wa moto uliyeyuka kutoka chini ukapenya kila mahali, ukaganda kuwa doleraiti. Vile vilima vyenye kichwa bapa mnavyovipiga picha pale Three Sisters, kofia yake ni doleraiti hiyo. Ni tukio lile lile lililoijenga Lesotho juu ya lava. Na karibu na milima, kule kukunjwa kwenyewe kuliyakata matabaka na kuyapandisha moja juu ya jingine, yakawa na nyufa. Kwa hiyo chungu kilikuwa na moto mkali na ufa pia.

Haya hayakuwa siri. Serikali ya makaburu iliunda shirika la kutafuta mafuta, Soekor, mwaka 1965, kwa kuogopa kwamba siku moja dunia itawafungia bomba. Hofu yao ilikuwa sahihi. Iran ilipopinduliwa mwaka 1979 iliwakatia mafuta, na nchi za Kiafrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zilikuwa zinadai vikwazo kila mkutano. Wale wenzetu waliosomeshwa historia pamoja na vijana wa ANC pale Mazimbu, Morogoro, wanakumbuka jinsi habari zilivyopokelewa Juni 1980 Umkhonto we Sizwe walipoilipua Sasol, kiwanda cha kugeuza makaa ya mawe kuwa petroli. Basi makaburu walikuwa na kila sababu ya kupata mafuta Karoo, wala fedha hawakuibania. Walichimba visima virefu katika bonde hilo. Kimoja, katika shamba la Cranemere mwaka 1968, kilitoa gesi zaidi ya futi milioni 1.8 kwa siku. Kilipumua kwa muda mfupi, kikachoka. Hakuna kisima hata kimoja cha Karoo kilichowapa gesi ya kuuza, ndipo wakahamia baharini.

Lakini walifanya jambo moja ambalo nataka mlishike. Vipande vya mwamba walivyovitoa visimani hawakuvitupa. Taifa la leo limevirithi. Ukienda Donkerhoek, nje kidogo ya Pretoria, iko maktaba ya mawe ya nchi hii, vipande vya visima vimepangwa kwenye trei kama vitabu, na mtafiti anaomba, anapewa, anapima. Wale waliokaa baadaye kuipima upya Karoo walianzia kwenye visima vya Soekor.

Tarakimu ikaanza kuteremka. Mwaka 2013 Wamarekani wenyewe waliishusha kutoka 485 hadi 390, na Afrika Kusini ikatoka nafasi ya tano hadi ya nane. (Poland, ambayo nayo ilipewa 187 mwaka 2011, wataalamu wake waliishusha mwaka 2012 mpaka chini ya 30, na Exxon ikafunga virago.) Serikali hapa, ilipofanya tathmini ya mazingira ya Karoo miaka ya 2015 hadi 2017, ilichukua futi trilioni 5 kuwa gesi kidogo na 20 kuwa gesi nyingi. Wakati huo huo watafiti wa vyuo, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Johannesburg, walichimba visima viwili vya utafiti. Kimoja kilikuwa Tankwa, karibu kabisa na milima ya mikunjo, zaidi ya mita 650 kwenda chini. Kingine kilikuwa karibu na Willowvale, Eastern Cape, zaidi ya mita 2,300. Cha kwanza walikuta mwambatope umekatwakatwa na mikunjo. Cha pili walikuta doleraiti imeuunguza. Gesi ya maana haikuwamo. Mwaka 2017, Michiel de Kock wa chuo hicho na wenzake wakaandika kwamba makisio yao kwa Karoo ni kama futi trilioni 13.

Kutoka 485 hadi 13. Mimi siku niliyoisoma nilikumbuka kahawa yetu ya mwaka 2009, nikajiona haya.

Tuwe waadilifu lakini. Kumi na tatu si sifuri. Kiwanda cha Mossel Bay kilichokuwa kikigeuza gesi kuwa petroli na dizeli tangu mwaka 1992 kilijengwa kwa gesi isiyofika hata trilioni 2. Na baadaye shimo la utafiti la serikali karibu na Beaufort West, mbali kidogo na milima, lilikuta gesi. Kwa hiyo sisemi Karoo ni tupu. Ninachosema ni kwamba kati ya 2011 na 2017 nchi nzima iligombania tofauti ya trilioni 472 ambazo hakuna aliyeziona. Aprili 2011 serikali ilisimamisha leseni. Septemba 2012 ikaruhusu. Mwaka 2015 ikatunga kanuni za upasuaji wa mwamba, na Julai 2019 Mahakama Kuu ya Rufaa ikazifuta kwa kuwa waziri aliyezitunga hakuwa na mamlaka ya kutunga mambo ya mazingira. Mpaka hapo hakuna hata mita moja ya ujazo ya gesi ya Karoo iliyouzwa kwa mtu, na haijauzwa mpaka leo. Gesi inayowaka katika jiko langu hapa Johannesburg inatoka Msumbiji, Pande na Temane, kwa bomba la kilomita 865 lililoanza kazi mwaka 2004. Na visima hivyo sasa vinachoka.

Narudi kwenye maji, kama nilivyoahidi. Karoo haina mito ya kutegemea. Miji na mashamba hunywa kutoka ardhini. Beaufort West ilikaukiwa mpaka mwaka 2011 ikafungua mtambo wa kusafisha maji machafu yarudi kunywewa. Na kule Marekani mwenye shamba mara nyingi ndiye mwenye gesi iliyo chini yake, hupata mgao, kwa hiyo huvumilia malori na kelele. Hapa sheria ya mwaka 2002 inasema madini na mafuta ni mali ya taifa, serikali ni mwangalizi. Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Lakini maana yake ni kwamba mtu wa Karoo, mweupe mwenye shamba au mfanyakazi wake mweusi anayechota kisima hicho hicho, anabaki na hatari ya maji na hana fungu lake la gesi linalojulikana. Mvuvi wa Wete na Mkoani yuko katika hali hiyo hiyo. Bahari si yake kwa hati, gesi si yake kwa hati, lakini meli ya kupima mitetemo ikipita, anayeambiwa atoe nyavu ni yeye. Waliopiga kelele za maji Karoo walifanikiwa jambo moja kubwa: maji ya visima yapimwe kwanza, kabla ya mtu kuchimba, ili likitokea la kutokea ijulikane yalikuwaje. Sisi hatujalidai hilo kwa nguvu. Tumeshughulika na mgao.

Najua kuna watakaosema huyu ameshakata tamaa, anataka kutuvunja moyo kwa faida ya watu wa Bara. Hapana. Wengi wetu tuna jamaa Muscat, basi waulizeni habari za Fahud. Fahud ni mkunjo wa mwamba unaoonekana kwa macho, chini ya milima ya Hajar, upande wa jangwani. Wajiolojia walipouona waliupenda kama mtu anavyopenda bibi harusi. Mwaka 1956 wakaanza kuchimba, wakatoka mikono mitupu mwaka uliofuata. Mwaka 1960 wabia wengi wakajitoa wakasema Oman hakuna kitu, wakabaki Shell na Partex. Mwaka 1962 wakapata Yibal, na mwaka 1964 wakapata mafuta pale pale Fahud. Kisima cha kwanza kilikuwa kimeukosa utajiri kwa mita mia chache tu, kwa sababu ya ufa mmoja katika mwamba. Mwaka 1967 Oman ikapakia mafuta yake ya kwanza melini.

Milima ya mikunjo miwili, basi, na majibu mawili. Hajar ilificha mafuta, Cape ilikwisha kuyaunguza. Kwenye ramani zinafanana. Aliyezitenganisha ni patasi, tena patasi zaidi ya moja, na watu waliozihifadhi habari za kila kisima, hata kile kilichokuwa kikavu.

Tena milima ile ile ya Cape ina miujiza yake. Gondwana ilipopasuka, nyufa za zamani za mikunjo zilifunguka upya kwa upande wa pili, na baharini kusini mwa Mossel Bay yakapatikana mabonde mapya juu ya mgongo wa milima iliyozama. Huko Total ilipata gesi, Brulpadda mwaka 2019 na Luiperd mwaka 2020. Gesi hii imechimbwa, imeonekana. Hata hivyo Julai 2024 Total ilitangaza kujitoa, kwa kuwa kuiendeleza na kuiuza kwa soko la hapa ingekuwa taabu mno kibiashara. Kwa hiyo hata baada ya patasi kuna mlango mwingine, bei na mnunuzi. Watu wa Lindi wanaujua mlango huo, wamekaa wakisubiri kiwanda cha kusindika gesi tangu visima vya bahari kuu vilipogunduliwa.

Na kuna la kustaajabisha. Mawe ya Laingsburg na Tanqua, ambayo gesi yake imekwisha zamani, makampuni makubwa ya mafuta huwapeleka wajiolojia wao kuyasoma kila mwaka. Mchanga ulioteremka kutoka pwani ya kale hadi kilindini umebaki pale juu ya ardhi, wazi, unaweza kuutembelea kwa miguu. Mchanga wa namna hiyo ndio unaobeba gesi katika kilindi cha bahari yetu, kusini mwa Mafia kuelekea Msumbiji. Wazungu wanakuja Karoo kujifunza namna ya kuchimba Tanzania. Sijui ni vijana wangapi wa Kizanzibari wanaosoma vyuo vya hapa wameshasimama pale Laingsburg, nami ningefurahi kukodi basi.

Sasa twende kwetu. Zanzibar si milima ya mikunjo, tusichanganye. Unguja na Pemba ziko kwenye ukingo wa bara uliopasuka, mashapo yake ni mazito, na mapishi yake ni mengine. Jina Karoo tunalo Tanzania pia, makaa ya mawe ya Mchuchuma na Kiwira ni ya umri huo, na mawe ya Karoo yanaonekana Tanga, ng'ambo tu ya mkondo wa Pemba. Lakini hatima ya chungu cha Cape haiwi kwa lazima hatima ya chungu chetu. Pale Tundauwa, Pemba, mafuta yanajulikana kuchuruzika juu ya ardhi. Hiyo ni dalili kwamba jiko liliwahi kuwaka. Haithibitishi kwamba chungu kimejaa.

BP na Shell walichimba kisima kirefu Unguja katika miaka ya 1950 na kingine Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Mapinduzi. Mwaka 1968 mafuta na gesi yakaongezwa kwenye orodha ya Muungano, na sote tunajua yaliyofuata. Shell ilipewa vitalu namba 9 hadi 12 mwaka 2002, ugomvi wa nani mwenye mali ukaizuia isifanye kitu kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2015 Bunge likatunga Sheria ya Petroli iliyofungua njia, mwaka 2016 Zanzibar ikatunga yake na Dk. Shein akaitia saini, mwaka 2018 ukasainiwa mkataba na RAK Gas kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar, na mwaka 2024 SMZ ikavinadi vitalu vinane vya baharini. Hatua hizi nazipongeza bila ya kujikunja. Kudai umiliki ilikuwa haki, na sijutii hata neno moja nililolisema kwa ajili yake. Ninachokijutia ni tarakimu, kwa sababu tulipowaambia watu wetu kwamba utajiri uko tayari ila umezuiwa na Dodoma, tuliwafundisha kuchukia kabla ya kuwafundisha kuuliza. Mei 2013 damu ilimwagika Mtwara kwa ajili ya gesi ambayo ilikuwa imeonekana tangu mwaka 1982. Nani anataka kuona damu Pemba kwa gesi ya kwenye karatasi?

Basi mimi naitaka SMZ, kupitia mamlaka yake ya mafuta na gesi iliyoundwa kwa sheria ya 2016, iweke hadharani orodha ya kila kipande cha mwamba na kila karatasi ya kipimo iliyotokana na visima vile vya Unguja na Pemba, na ya kila upimaji wa mitetemo uliofanyika tangu hapo, ikitaja kipo wapi na nani anaruhusiwa kukiona. Vilivyoko Dar es Salaam viombwe kwa barua, na barua ichapishwe. Ijengwe nyumba ya kuvihifadhi Unguja au Chake Chake, hata iwe ghala moja lenye trei na kiyoyozi, na wanafunzi wa SUZA waruhusiwe kuingia. Na kabla ya mwekezaji wa kitalu chochote kuteremsha patasi, maji ya visima vya vijiji vya pwani na samaki wa mkondo wa Pemba vipimwe na watu wasiolipwa na mwekezaji.

Na akitokea waziri, wa upande wowote wa Muungano, akatangaza tena trilioni fulani, aulizwe pale pale mbele ya waandishi: imehesabiwa na nani, kwa kisima gani, na kipande cha mwamba kiko kwenye trei ipi?

Wabillahi tawfiq.